MiG-21 haitui kwa fimbo, inatua kwa mafuta

Anayeingia kwenye MiG-21bis ya simuleta, ndege ya kivita ya Kisovieti, akitokea Cessna 172, ndege ndogo ya propela, hupata aibu ileile waliyoipata waliomtangulia. Kuruka anaruka vizuri, kona anakata vizuri, njia ya kutulia anaiona mbele yake imenyooka. Akibakiza mita ishirini kutoka ardhini anarudisha leva ya mafuta nyuma kama alivyozoea, na ndege inadondoka kama gunia la mahindi. Anarudia. Safari hii anavuta fimbo zaidi: pua inapanda, ndege inaendelea kushuka vilevile. Jaribio la tano anaanza kusema programu ina kasoro.

Programu haina kasoro, na ndege haina ubaya. Ila kwenye MiG-21bis leva ya mafuta inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inasukuma ndege, inaamua ishuke kwa kasi gani, na inalisha upepo kwenye mabawa. Rubani wa Cessna amezoea ile ya kwanza tu, tena kidogo. Hizo mbili zilizobaki ndizo zinazomwangusha.

Kwanza ndege yenyewe. Mfano wa majaribio wenye bawa la pembetatu, Ye-4, uliruka Juni 1955 huko Urusi ya Kisovieti, na MiG-21 ikaanza kazi jeshini mwaka 1959. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, idadi ambayo hakuna ndege nyingine ya kivita inayopita kasi ya sauti imewahi kuifikia. Toleo la bis, la miaka ya 1970, ndilo la mwisho kubwa, na ndilo lililomo kwenye simuleta ya DCS World tangu 2014. Kwetu Afrika Mashariki si ngeni. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na MiG-21 Entebbe, na baadhi ziliteketezwa zikiwa zimeegeshwa katika uvamizi wa Waisraeli Julai 1976. Mwaka mmoja baadaye MiG-21 za Somalia zilipambana angani na F-5E za Ethiopia kugombea Ogaden. Kenya nayo ikachukua F-5, na Tanzania ikachukua F-7 kutoka China. Hapo kwenye F-7 pana jambo la kuangalia: ukoo wake ulitokana na MiG-21F-13 ya mwanzo, isiyo na mtambo tutakaoueleza hapa wa kupuliza flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua. Kwa hiyo ukiona video ya F-7 ikitua, usiifanye kipimo cha bis.

Bawa dogo, mzigo mkubwa

Chukua hesabu ya kawaida kabisa. Bawa la MiG-21 lina eneo la mita za mraba 23. Ndege ikirudi na mafuta kidogo ina uzito wa karibu tani 6.5, maana yake kila mita ya mraba inabeba takriban kilo 280. Cessna 172 iliyojaa ina kilo 1,111 juu ya mita za mraba 16.2, yaani kilo 69 hivi kwa kila mita. Mzigo ni mara nne. Kwa kuwa nguvu ya kuinua inapanda kwa mraba wa kasi, mzigo mara nne unadai kasi mara mbili. Cessna inakuja kutua kwa karibu 115 km/h, basi kwa mzigo peke yake MiG ingehitaji 230.

Lakini haitui kwa 230, kwa sababu bawa la pembetatu ni vivu kunyanyua. Bawa refu na jembamba, ukiinua pua nyuzi tatu tu, linaitika papo hapo. La pembetatu, lililolala nyuzi 57 na lenye upana wa mita 7.15 tu kutoka ncha hadi ncha, linataka pua iinuke sana ndipo lifanye kazi hiyohiyo. Pua ikiinuka sana mkia unakaribia lami na rubani haoni mbele. Ndiyo maana magurudumu hugusa kwenye 260 hadi 280 km/h, na hapo ni kwa msaada wa mtambo.

Faida ya bawa hili ni kwamba halikutupi ghafla. Ukipunguza kasi halitikisiki sana wala ndege haipinduki upande mmoja. Inaendelea tu kubaki na pua juu, imetulia kabisa, huku inashuka mita 10 kwa sekunde. Anayetazama nje hajui kwamba ameshapotea. Anayetazama kipimo cha kushuka anajua.

Gharama yake ni ukinzani. Kila bawa likinyanyua linaburuta hewa, na mburuto huo unakua kadiri kasi inavyopungua. Kutoka 340 km/h hadi 280 km/h unaongezeka kwa karibu nusu nzima. Kwenye bawa fupi kama hili, mburuto wa aina hiyo ndio unaotawala mwendo wa taratibu, hivyo tunafika mahali panapochanganya watu wengi: chini ya kasi fulani, kwenda polepole kunahitaji nguvu nyingi kuliko kwenda haraka. Rubani aliye hapo akivuta fimbo ili asishuke, anaongeza mburuto, kasi inapungua, mburuto unaongezeka tena. Fimbo imekuwa breki. Kinachoweza kumtoa ni mafuta, au kushusha pua, na akiwa mita 30 juu ya ardhi hana pa kuishushia.

SPS, upepo wa kuazima

Wahandisi wa Mikoyan, shirika lililoibuni MiG-21, walijua kasi ya kutua ilikuwa imepita kiasi. Dawa yao, iliyoingia kwenye matoleo ya miaka ya 1960, ni SPS: hewa ya moto yenye shinikizo inachotwa kwenye kompresa ya injini, inapitishwa kwa mabomba hadi kwenye mabawa, na kupulizwa kupitia mwanya mwembamba juu ya flapu zinapoteremka nyuzi 45.

Sababu yake ni hii. Flapu ikiinama nyuzi 45, hewa inayopita juu ya bawa haiwezi kuufuata mteremko huo mkali, inaachana na bawa na kuvurugika, na flapu inabaki kuwa ubao wa kuburuta tu. Ukipuliza hewa yenye kasi palepale penye kona, mkondo unabaki umeshikana na flapu na unaendelea kunyanyua. Bila SPS unahitaji kuongeza karibu 30 km/h au zaidi ili ugusane na lami kwa usalama uleule.

Sasa tazama mtego. Hewa hiyo inatoka kwenye injini. Injini ikizunguka kwa nguvu, upepo upo. Ukirudisha leva hadi mwisho, mzunguko unashuka, shinikizo linaanguka, na flapu zinaachwa bila upepo. Kwa tendo moja umeondoa msukumo na umeondoa sehemu ya bawa. Ndiyo ile gunia la mahindi.

Juu ya hayo kuna uvivu wa injini. R-25-300 ni injini ya nguvu, inatoa msukumo wa karibu kilonewton 70 ikiwasha moto wa nyuma (mafuta ya ziada yanayochomwa nyuma ya injini), lakini kutoka mzunguko wa chini kupanda hadi juu inachukua sekunde kadhaa. Ndege inayoshuka mita 8 kwa sekunde kutoka mita 30 ina chini ya sekunde nne. Ukishagundua kosa, injini inakuitika baada ya ndege kufika chini. Kanuni ya mkono wanayotumia wengi kwenye DCS ni kwamba mzunguko usishuke chini ya asilimia 70 mpaka magurudumu yawe juu ya lami kabisa, na hata hapo leva inarudishwa taratibu.

Jaribu ukiwa mita 3,000 kwanza

Kabla ya kuvunja ndege kumi kwenye njia, tenga nusu saa ufanye zoezi hili angani. Weka mafuta lita 1,200, hali ya hewa tulivu, bila silaha. Panda mita 3,000. Punguza hadi chini ya 500 km/h, teremsha magurudumu, bonyeza flapu za 25, kisha ukifika 400 bonyeza za 45. Hakikisha swichi ya SPS iko juu.

Shika 340 km/h bila kupanda wala kushuka. Subiri sindano zitulie, kisha tazama mzunguko wa injini na uuandike kwenye karatasi. Sasa inua pua kidogo kidogo hadi ufike 290, bado bila kupoteza urefu. Utalazimika kuongeza mafuta, si kupunguza. Andika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo somo lote la mburuto tulilolieleza juu, na mkono wako utalikumbuka kuliko kichwa.

Halafu, ukiwa umetulia kwenye 320, rudisha leva yote nyuma ghafla. Usiguse fimbo. Hesabu sekunde hadi kipimo cha kushuka kifike mita 10, kisha sukuma leva mbele hadi mwisho wa nguvu ya kawaida na uhesabu hadi ndege iache kushuka. Angalia umepoteza mita ngapi. Wengi hupoteza urefu mkubwa kuliko ule wanaokuwa nao wakati wanapofanya kosa hilohilo karibu na lami.

La mwisho, zima SPS na urudie 320. Utaona pua lazima ikae juu zaidi ili ubaki palepale. Sasa unajua ndege inajisikiaje ukisahau swichi hiyo, na utaigundua mapema.

Njia yenyewe

Utaratibu wa Kirusi umejengwa juu ya minara miwili ya redio: wa mbali kilomita 4 kabla ya njia, wa karibu kilomita 1. Ukipita wa mbali uwe na urefu wa mita 200 na kasi ya takriban 360 km/h. Ukipita wa karibu, mita 60 hivi na 330. Kwenye kizingiti cha njia, karibu 300. Namba hizi zina maelewano: kwa 340 km/h unasonga mita 94 kila sekunde, na kwa mteremko huo ni lazima ushuke karibu mita 5 kwa sekunde. Mita 5 ndiyo namba ya kuibandika kichwani. Kipimo kikisema 3, utapitiliza njia. Kikisema 8, ongeza mafuta sasa hivi, usingoje kuona.

Gawanya kazi za mikono. Fimbo inashika kasi, mafuta yanashika mteremko. Kasi imepungua? Shusha pua nywele moja. Unashuka mno? Ongeza mafuta nywele mbili, kisha subiri. Kusubiri ndiko kugumu, maana injini inaitika kwa kuchelewa na mgeni huongeza mara tatu kabla ya ongezeko la kwanza kufika, halafu anapanda, anapunguza yote, na mchezo unaanza upya. Sogeza, hesabu mbili, tazama, sogeza tena.

Lenga jicho kabla ya mwanzo wa lami, si juu yake. Ukiwa na mita 10 hivi anza kunyanyua pua polepole huku leva ikibaki ilipo. Ndege itaacha kushuka karibu mita 1 juu ya lami na kuanza kupoteza kasi yenyewe. Hapo ndipo unarudisha leva, kwa mwendo wa sekunde mbili au tatu, na magurudumu ya nyuma yanagusa. Ikidunda, usisukume fimbo mbele kuilazimisha ikae. Shikilia pua ilipo, itarudi yenyewe.

Kuna kosa la macho linalowakuta wenye skrini ndogo. Wanapanua upeo wa kuona ili vipimo vyote viingie, kisha ardhi inaonekana iko mbali kuliko ilivyo na wanachelewa kunyanyua pua. Chagua upeo mmoja wa kutulia, uuhifadhi, na usiubadilishe. Fremu nene ya kioo cha mbele na sehemu ya kulengea vinaziba njia kiasi, kwa hiyo msaada wa kufuatilia kichwa ni mkubwa, na si lazima ununue kifaa: programu ya bure ya opentrack inaweza kutumia kamera ya kawaida ya kompyuta, mradi uso wako uwe na mwanga.

Ukishagusa, una upepo wa kuhesabu

Dereva wa lori anaijua breki ya upepo: ukikanyaga ovyo, geji inashuka. MiG-21 ni hivyohivyo, tena bila kompresa ya kujaza njiani. Hewa iliyomo kwenye mitungi ilijazwa ukiwa chini, na kila unapobana breki sehemu yake inatoka. Gurudumu la mbele halina usukani, linafuata tu. Kona unakata kwa kubana breki huku umekanyaga pedali ya upande unaotaka. Anayezurura uwanjani kwa kubana na kuachia mfululizo anaweza kurudi kutoka angani akiwa na upepo haba, na atakumbuka alipoumaliza pale njia itakapokuwa inaisha.

Kwa hiyo acha parachuti ya breki ifanye kazi kubwa. Iko kwenye shina la mkia, na inafunguliwa ukiwa chini ya 320 km/h. Juu ya hapo itakatika. Baada ya magurudumu ya nyuma kugusa, shusha la mbele bila kulipigiza, fungua parachuti, na uache kasi ipungue kabla ya kuanza kubana. Breki zibane ndege ikiwa imenyooka, swichi ya kuzuia magurudumu kujifunga ikiwa imewashwa. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, parachuti inauburuta mkia uelekee upande upepo unakokwenda na pua inageukia upande unaotoka upepo. Pedali ikishindwa kuirudisha, iachie parachuti mara moja na umalizie kwa breki. Kwa vyovyote iachie kabla ya kutoka kwenye njia.

Joistiki na mitego midogo

Ndege hii haihitaji vifaa vya bei kali, lakini inadai leva ya mafuta inayosogea kwa ulaini. Kile kitelezo kifupi kilicho chini ya joistiki za bei nafuu kinaweza kutosha, ila safari yake ni fupi: upana wa ukucha mmoja ni asilimia kadhaa za injini. Kwenye mipangilio ya DCS, fungua mhimili wa leva na uupinde ili eneo la katikati, unalotumia wakati wa kutua, liwe pana zaidi. Kwa fimbo ya mbele na nyuma, mpindo wa 15 hadi 20 unatuliza mkono. Usiweke eneo mfu kubwa katikati, yaani sehemu ambayo fimbo ikisogea ndege haiitiki. Ukivuka ukingo wake pua inaruka. Namba zikiwa zinacheza zenyewe bila kuguswa, ni vihisi vya kizamani vya msuguano vimechakaa au vina vumbi. Joistiki zenye vihisi vya sumaku, kama T.16000M, hazina ugonjwa huo.

ARU ni mtambo unaobadilisha kiasi ambacho mkia unasogea kwa kila mvuto wa fimbo: mwendo mkali mkia unasogea kidogo, mwendo wa kutua unasogea sana. Swichi yake iwe kwenye kujiendesha, na taa inayoonyesha kwamba mkia uko tayari kwa kutua iwake kabla hujaingia mteremko wa mwisho. Isipowaka, fimbo itakuwa nzito ya kuitika na utaishiwa na mvuto palepale unapotaka kunyanyua pua.

Kipimo cha mafuta nacho si kipimo hasa. Ni kaunta: unaiambia umeanza na lita ngapi, nayo inatoa kinachopita kwenda injini. Tangi za ndani zinabeba lita 2,880. Ukisahau kuiweka kabla ya kuwasha, au ukiiweka namba isiyo ya kweli, itakudanganya safari nzima kwa utulivu kabisa. Taa ya lita 450 ndiyo ya kuamini. Ukiwasha moto wa nyuma karibu na ardhi, tangi zote hazifiki dakika kumi, basi usije ukashangaa ikiwaka mapema.

Na ukifika mita 60 kasi iko chini ya 300, au unashuka zaidi ya mita 7, usijaribu kuokoa kutua huko. Sukuma leva hadi mwisho wa nguvu ya kawaida, acha pua ilipo, na vumilia zile sekunde bila kuvuta. Flapu zibaki 45 mpaka ndege ianze kupanda na kasi ipite 360, ndipo urudi 25. Ukizikunja zote kwa mpigo ukiwa chini, bawa linapoteza kile kidogo kilichokuwa kinakushikilia, na lami utaifikia kabla injini haijafika.